Hayo Si Majani Tu, Buda: Kila Kitu Unafaa Kujua Kuhusu Mafunjo na Matete ya Ziwa

Kama umewahi kwenda Dunga kula samaki, unajua ile form. Unashuka kwa tuktuk, unaagiza ngege ya kukaanga na ugali, unapiga selfie ziwa likiwa nyuma yako, unaposti, unarudi tao Kisumu ukiwa umeshiba. Sasa hebu fungua hiyo picha tena. Kando ya maji kuna ukuta wa kijani unaokuzidi urefu mara mbili, vichwa vyake vikiwa kama zile afro za miaka ya sabini. Wewe ulidhani ni majani ya kupamba picha.

Hayo majani ndiyo yanachuja maji kabla yafike ziwani. Ndiyo yanaficha samaki wadogo wasimezwe na mbuta. Kuna wamama hapo karibu wanalipa karo kwa kuyasuka. Na Aprili 2020, kipande chake kimoja kilichong'oka kilisafiri na maji mpaka Jinja, kikaziba mitambo ya umeme, Uganda ikaingia giza. Hiyo stori tutaifikia, tulia.

Kwa Kiswahili yanaitwa mafunjo. Wajaluo wanaita togo. Jina la kitaalamu ni Cyperus papyrus, na ndiyo, ni ile papyrus ya Misri uliyosoma kwa historia ukiwa darasa la sita. Haina haja uende Cairo kuiona, iko hapa tu, nauli ya tuktuk.

Kwanza, usichanganye mimea

Wasee wengi wakiona kitu kirefu kimesimama kwa maji wanasema ni matete, mambo yameisha. Si makosa makubwa, lakini kuna mimea mitatu tofauti hapo, na kila mmoja una tabia zake.

Mafunjo hayana majani kwenye shina. Ni fimbo laini ya kijani, na juu kuna kile kichwa cha nyuzi. Kata shina uangalie: lina pembe tatu, na ndani ni nyeupe kama sponji. Yanaweza kufika mita 4 au hata 5.

Matete yenyewe, ambayo Wajaluo huita odundu, ni ndugu ya mahindi na miwa. Shina ni duara, gumu, lina vifundo kama mwanzi na katikati ni wazi kama paipu. Majani yanatoka kando, na juu kuna kishada kama manyoya. Hili ndilo kundi la Phragmites. Dunia nzima inajua zaidi Phragmites australis, lakini kwa mito mingi ya huku kwetu utapata binamu yake, Phragmites mauritianus.

Wa tatu ni Typha. Huyu ni rahisi kumjua kwa sababu juu amebeba kitu cha kahawia kinachofanana kabisa na smokie kwenye kijiti. Ukipita karibu na bwawa lolote Nairobi utaiona.

Kwa hivyo jaribio ni la vidole tu. Pembe tatu ni mafunjo, duara lenye vifundo ni matete, smokie ni Typha. Umemaliza somo la botania.

Venye mafunjo hufanya kazi

Mafunjo ni mashine. Yanatumia njia ile ile ya kutengeneza chakula inayotumiwa na mahindi na miwa, ile inayofaidi sana jua kali, na yako na maji muda wote. Ndiyo maana ni kati ya mimea inayokua haraka zaidi duniani bila mtu kuyawekea mbolea.

Siri iko chini. Kila shina limetoka kwa raizomu, yaani shina nene linalotambaa kwa ulalo na kutoa mizizi. Raizomu moja hushikana na nyingine, mizizi inafungana kama nywele za msee ambaye hajachana mwezi mzima, na mwishowe unapata mkeka mnene unaoweza kuelea juu ya maji. Ndiyo, unaelea. Kwenye kinamasi kizuri unaweza kutembea juu yake ukihisi ardhi inacheza chini ya miguu. Usijaribu bila mwenyeji lakini, kuna mashimo ya viboko na hayana alama.

Huo mkeka ndio chujio. Mto kama Nyando unakuja kutoka milimani ukiwa umebeba udongo wa mashamba ya watu, mbolea, na vitu vingine vya choo ambavyo hatutavitaja ukiwa unakula. Ukifika kwa mafunjo unapunguza mwendo. Maji yakipunguza mwendo, udongo unatua. Mizizi inanyonya fosforasi na naitrojeni. Bakteria wanaoishi kwenye mizizi na matope wanageuza sehemu nyingine ya naitrojeni kuwa gesi, inapanda hewani, imeenda. Kinachotoka upande wa ziwa ni maji yenye afadhali kubwa.

Toa hayo mafunjo na ule udongo wote na mbolea yote vinaingia ziwani moja kwa moja. Na nani anapenda mbolea ziwani? Magugu maji. Zile picha za kila mwaka za boti zimekwama kwenye zulia la kijani pale Winam, chanzo kimoja ni hiki. Kumbuka pia kwamba Kisumu hunywa maji ya ziwa hilo hilo, na mtambo mmoja wa kuyasafisha uko hapo hapo Dunga. Kazi ambayo mafunjo hayakufanya bure, mtambo utaifanya kwa dawa, na dawa hununuliwa kwa pesa.

Kuna jambo lingine ambalo watu hukataa kuamini: mbu. Wengi hudhani ukikausha kinamasi umemaliza malaria. Utafiti uliofanyika Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka wa 2000, ulilinganisha vijiji vilivyo kando ya mafunjo ya asili na vile vilivyo kando ya vinamasi vilivyofyekwa vikalimwa. Vijiji vya upande wa mashamba vilikuwa na joto zaidi, na joto ndilo huwapa mbu wa malaria nafasi ya kuzaana haraka. Mafunjo hutia kivuli na baridi, shamba lenye madimbwi ya wazi linakaa juani. Kwa hivyo ukifyeka unaweza kujikuta umejiletea zaidi ya kile ulichokuwa unakimbia.

Wapangaji wa mle ndani

Kama mafunjo yangekuwa mtaa, yangekuwa mtaa ambao mabigi hawawezi kuingia.

Chukua mbuta. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka vibaya na kumaliza aina nyingi sana za fulu, wale samaki wadogo wa asili. Lakini mbuta ana udhaifu mmoja: anahitaji oksijeni nyingi. Ndani ya mafunjo maji yametulia, yana giza, majani yanaoza, na oksijeni ni kidogo. Mbuta akiingia anaishiwa na pumzi. Baadhi ya fulu wanaweza kuvumilia. Kamongo naye hana stress kabisa kwa sababu anapumua hewa ya juu kama wewe, na mumi pia anajua kujisaidia. Kwa hivyo mafunjo yakawa kambi ya wakimbizi.

Ziwa Kanyaboli kule Siaya, ambalo limezungukwa na kinamasi cha Yala, linaonyesha hiyo hali vizuri zaidi. Ngege wa asili, Oreochromis esculentus, yule mababu zako walikula kabla ya hizi tilapia za siku hizi kuletwa, karibu apotee kabisa ndani ya Ziwa Viktoria lenyewe. Kanyaboli bado yuko. Kizuizi kati yake na ziwa kubwa ni mafunjo.

Juu ya maji kuna ndege ambao hawaishi popote pengine. Mashuhuri zaidi ni gonolek wa mafunjo, Laniarius mufumbiri: mgongo mweusi, kifua chekundu cha kuwaka, utosi wa manjano. Amevaa kuliko msanii yeyote uliyemwona kwa red carpet. Na ni mwoga, utamsikia kabla umwone. Watu hutoka Ulaya na kamera za bei ya gari kuja Dunga na Yala kumtafuta yeye tu. Ukimaliza mafunjo, huyu ndege hana plan B.

Kisha kuna nzohe, swala wa majini, mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame kwenye matope. Akishtuka anaingia majini anabaki pua peke yake nje. Yala wako, na Saiwa Swamp karibu na Kitale ilifanywa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1974 kwa sababu yake. Ni mbuga ndogo sana, unaizunguka kwa miguu, hakuna haja ya gari.

Doo iko wapi?

Sasa tuje kwa hustle, kwa sababu najua ndiyo unangoja.

Mafunjo yaliyokomaa hukatwa, hupasuliwa kwa urefu na kuanikwa juani. Yakikauka husukwa mikeka. Hiyo mikeka utaikuta imekuwa dari ya keja, ukuta wa kibanda, uzio, au imetandikwa chini kuanikia vitu. Sehemu ya nje ya shina hutoa nyuzi za kamba. Kisha kuna vikapu, viti, meza, na zile sofa unazoziona zimepangwa kando ya barabara Kisumu, fremu ya mbao na mwili wote wa mafunjo yaliyosokotwa. Matete, kwa kuwa ni magumu, yanaenda kwa kazi nzito: kuta, paa, uzio, na mitego ya samaki.

Tangu Agosti 28, 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, kikapu kilirudi kwa fashoni. Dem wa Nairobi anabeba kikapu kwenda sokoni Jumamosi na anajisikia poa. Lakini fuata hiyo pesa kurudi nyuma. Yule anayesimama majini mpaka kiunoni, na panga, akiwaza viboko na nyoka, ndiye anayepata kidogo zaidi. Anayesuka anapata kidogo zaidi ya hapo. Aliye na duka na simu nzuri ya kupigia picha ndiye anaweka bei. Sisemi ni dhambi, nasema tu ukiuliza bei ya kikapu pale Dunga na uone ni ya juu kuliko ulivyotarajia, usianze kubargain kama uko Gikomba na mtumba. Umekikuta kwa mwenyewe, na pesa yote inabaki hapo.

Wakati wa kiangazi, machipukizi ni chakula cha ng'ombe. Raizomu zilizokauka watu huwasha moto nazo. Rwanda walishajaribu kuyakandamiza mafunjo kuwa vitofali vya kupikia badala ya makaa, na wazo hilo bado lina mantiki: mmea unaorudi wenyewe, tofauti na mti uliokaa miaka 30 ndio ukaingia gunia.

Nje ya hapa, matete yamejenga makubwa. Kusini mwa Iraq kuna watu wa vinamasi ambao wamejenga majumba ya wageni kwa matete matupu tangu zamani za kale, nguzo zikiwa mafungu ya matete yaliyopindwa kama upinde. Saddam Hussein alikausha vinamasi vyao miaka ya 1990 kuwaadhibu. Alipoanguka mwaka wa 2003 wenyeji walibomoa kuta za mchanga, maji yakaingia, na matete yakaanza kurudi. Uingereza nako wanaezeka nyumba kwa matete mpaka leo, na hizo nyumba ni za matajiri, si za maskini.

Marekani ndio wana stori ya kinyume. Aina ya matete kutoka Ulaya iliingia kwao na kusambaa hadi kuwasukuma matete wao wa asili, na leo wanatumia dawa na matrekta kupigana nayo. Mmea ni ule ule, ila mahali si pake.

Kata, lakini kata na akili

Hapa ndipo watu huharibu, kwa hivyo soma polepole.

Mafunjo yakikatwa yanarudi. Lakini raizomu ndiyo benki. Shina likizeeka, hurudisha sehemu ya virutubishi vyake chini kwa raizomu kabla lifè kabisa, na hiyo ndiyo akiba ya kuotesha shina jipya. Ukikata eneo lote kila baada ya miezi michache, unatoa pesa benki bila kuweka. Mara ya kwanza yatarudi marefu, mara ya pili mafupi na membamba, ya tatu utapata nafasi wazi imeingiliwa na nyasi na magugu mengine. Kulipa eneo kama mwaka mzima wa kupumzika ndio mpango wa busara. Kwa vitendo ni kugawa kinamasi vipande: leo mnakata hiki, kile kinakaa, mwakani mnabadilishana. Chagua mashina yaliyokomaa, acha machipukizi, na using'oe raizomu.

Hizo sheria ni rahisi ukiziandika kwa laptop. Kwa ground, kinamasi ni cha kila mtu, na cha kila mtu ni cha anayeamka mapema. Wewe ukiacha kipande kipumzike, jirani ana mtoto amefukuzwa shule kwa sababu ya karo, atakata. Ndiyo maana mahali ambapo wavunaji wako kwa kikundi na wanajuana kwa majina, mpango hushika. Mahali ambapo kila msee ni kivyake, haushiki, hata mbao za onyo zikiwa ngapi.

Kwa matete kuna trick ya kujua. Raizomu yake iko kwenye matope yasiyo na hewa, kwa hivyo inapumua kupitia mashina, hata yale yaliyokauka, kama mtu anayepiga mbizi akiwa na mrija. Ukitaka yarudi, kata wakati yamekauka na acha visiki vibaki juu ya maji. Ukitaka kuyamaliza, kwa mfano yameziba mfereji wa kumwagilia, yakate chini ya usawa wa maji ili visiki vizame na raizomu ikose hewa. Mkato ni huo huo, tofauti ni sentimita kadhaa. Kuchoma peke yake hakuyamalizi, mara nyingi hurudi na nguvu mpya.

Na moto kwa mafunjo? Inategemea maji. Kinamasi kikiwa kimejaa, moto unakula vichwa, raizomu iko salama kwenye maji, baada ya wiki chache unaona kijani. Lakini ziwa likishuka, chini kuna tabaka la mabaki yaliyokusanyika miaka na miaka. Likikauka, hilo tabaka lenyewe ni kuni. Moto unaingia ardhini, unaunguza raizomu, unatoa moshi siku nyingi bila kuonekana. Hapo hakuna kurudi kwa haraka.

Sasa ile stori ya stima. Mwaka wa 2020 mvua ilikuwa noma, na ziwa likapanda hadi viwango ambavyo havijaonekana tangu miaka ya 1960. Ile mikeka inayoelea ikang'oka kingoni. Kisiwa kimoja kizima cha mafunjo na matope kikaelea na upepo mpaka mahali Nile inaanzia, kikaingia kwenye mitambo ya Nalubaale, na tarehe 14 Aprili stima ikapotea Uganda. Kawaida visiwa vidogo hung'oka, ni tabia ya mafunjo tangu zamani. Lakini kingo zilizolimwa na kukatwa-katwa hushikilia mikeka vibaya zaidi.

Yala, Naivasha na kile kimeshaenda

Yala ndicho kinamasi kikubwa zaidi cha maji matamu Kenya, karibu hekta 17,500, yaani zaidi ya ekari 40,000. Kipande cha upande wa mashariki, kama hekta 2,300, kilikaushwa kwa kilimo miongo kadhaa iliyopita. Miaka ya 2000 mwekezaji kutoka Marekani akaingia kulima mpunga, akajenga kuta na mifereji, akakaa zaidi ya mwaka kumi, akaondoka. Mabishano hayakuondoka naye. Ukienda Siaya leo na uulize "hii ardhi ni ya nani?" utapata majibu matatu kabla chai iletwe: ya kaunti, ya jamii, ya mwekezaji anayefuata. Hakuna anayesema ni ya nzohe.

Na usidhani wenyeji wote wanataka kinamasi kibaki. Kuna kijana hapo anayeona ekari elfu kadhaa za udongo mweusi wenye maji, na hana kazi. Ukimwambia kuhusu ndege mwenye kifua chekundu atakuangalia tu. Anayemshawishi ni yule atakayemwonyesha kwamba mafunjo yaliyosimama yanaweza kumlipa, na hiyo hesabu ni ngumu kwa sababu mchujo wa maji haulipwi na mtu yeyote.

Naivasha ndiyo mfano wa kile hutokea baadaye. Zamani mafunjo yalizunguka sehemu kubwa ya ziwa hilo. Kisha maji yalishuka, mashamba yakasogea hadi ukingoni, ng'ombe na nyati wakaingia kwenye matope yaliyokauka na kukanyaga raizomu, na leo kimebaki kiasi kidogo ikilinganishwa na miaka ya 1960, hata ingawa Naivasha iko kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar tangu 1995. Maua ya Valentine yalipata maji. Chujio lililokuwa kwenye mdomo wa mto Malewa lilipungua.

Choo, muziki na mafunjo

Kama unadhani hii ni story ya mashambani tu, hizi mbili ni za jiji.

Kampala ina kinamasi cha Nakivubo kati ya jiji na ziwa. Maji machafu ya jiji yanapita hapo kabla ya kufika ghuba ambako jiji hilo hilo huchota maji ya kunywa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachumi walikaa chini wakahesabu ingekuwa pesa ngapi kama kazi hiyo ingefanywa na mitambo, na wakafika kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kila mwaka. Tangu hapo kinamasi kimeendelea kuliwa na viwanda na mashamba ya magimbi.

Ya pili ni hapa hapa Nairobi. Kama umewahi kuhudhuria konsati pale Carnivore, ujue mwaka wa 1994 pale upande wa Splash kulijengwa kinamasi cha kutengeneza kwa mikono, cha kusafisha maji machafu ya mahoteli na ya kuogelea. Maji yalipita kwanza kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa Typha, kisha yakateremka bwawa moja hadi lingine lenye mimea ya maji, na ndege wakaja kuishi bila kualikwa. Haikuwa inanuka, ilikuwa bustani. Teknolojia hiyo hutumika dunia nzima, na matete ndiyo mmea unaopendwa zaidi kwa kazi hiyo Ulaya. Shule, hospitali ndogo, hata ploti ya keja 20 inaweza kuwa nayo ikiwa kuna nafasi na mtu anayejua kuipima. Haitaki stima, inataka tu usiisahau.

Ukiona matete kwa ploti, simama kwanza

Hii ni kwa wale mmeanza kuweka doo ya ploti. Umepigiwa simu na broka, ploti ni bei ya kutupa, dakika 40 kutoka tao, "ready title". Unafika, ni kiangazi, ardhi imekauka, iko safi. Lakini kwenye kona kuna matete. Au Typha, ile ya smokie.

Matete hayaoti kwa sababu ya mvua ya juzi. Yanaota mahali ambapo maji yako karibu na uso wa ardhi sehemu kubwa ya mwaka. Yamekuambia kitu ambacho broka hakukuambia. Uliza wazee wa hapo, si yule wa kwanza broka amekuletea, maji hufika wapi mvua kubwa ikija. Angalia ukuta wa nyumba za jirani kama kuna mstari wa matope. Na kisheria, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, kukausha au kujenga kwenye kinamasi kunataka idhini na tathmini ya mazingira, na kanuni za 2009 zinalinda kingo za mito kati ya mita 6 na 30 kutoka alama ya juu ya mafuriko. Bulldoza likija, halikuulizi kama ulidanganywa.

Nairobi yenyewe ilianza hivyo. Reli ilifika 1899 mahali palipokuwa na maji baridi na matope, jiji likajengwa juu yake. Mto Nairobi bado unaanzia kwa kinamasi, Ondiri kule Kikuyu, ambacho kina ule mkeka wa mimea unaocheza ukikanyaga. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalifuata njia za zamani. Maji hayakupotea njia, ni sisi tuliokuwa tumelala njiani.

Karatasi, na ndoo yako ya balkoni

Neno lenyewe karatasi limetoka huku. Kiswahili tulilipata kwa Kiarabu, Waarabu wakalipata kwa Wagiriki, na kwa Wagiriki lilimaanisha karatasi ya mafunjo. Kutengeneza si uchawi. Menya ngozi ya kijani ya shina, ile sponji nyeupe ikate vipande vyembamba kwa urefu. Viloweshe. Vipange vikiwa vimepandana kidogo, kisha weka tabaka la pili juu likikata la kwanza kwa msalaba. Funika na kitambaa, weka mzigo mzito, badilisha kitambaa kila kinapolowa mpaka kikauke. Utomvu wenyewe ndio gundi. Kama unachora au unaandika kadi za harusi, hapo kuna kazi.

Na kama ulitaka tu mmea kwa balkoni, wale wauzaji wa miche kando ya barabara Nairobi wengi wanayo mafunjo. Chukua kipande chenye raizomu na angalau shina moja changa. Tumia ndoo isiyo na tundu, weka matope mazito chini, maji juu yake vidole vitatu hivi, na uiweke mahali jua linafika. Shina likigeuka kahawia likate chini kabisa. Ikijaa ndoo, gawa raizomu kwa kisu, umpe jirani. Maji yakisimama wazi mbu watakuja, kwa hivyo tia samaki wawili watatu wadogo mle ndani. Watajitafutia chakula.